Kurasa za Nyuma

Jumatatu, 10 Machi 2025. Pangani, Kibaha

Naandika kwenye daftari la karatasi kwa makusudi. Kompyuta zote za ofisini siku hizi zinapita mikononi mwa Hashiru, na ninayotaka kuyaandika yanamhusu yeye. Naweka na tarehe, ili mambo yakiharibika asije mtu akaniambia nimeota.

Mimi ni mtunza kumbukumbu, mwaka wa kumi huu. Ofisi yetu ni ya watu wanne tu. Mwaka 2016 tulizunguka vijiji vya Kibaha na Kisarawe tukiskani hati za mashamba, yale makubaliano ambayo watu wameandikiana kwenye karatasi za madaftari. Picha za kila kijiji zikabanwa pamoja zikawa faili moja, ndiyo tunaiita zipu. Vijiji thelathini na kimoja, zipu thelathini na moja. Mtu akitaka hati yake, naifungua zipu ya kijiji chake, picha zote zinamwagika kwenye diski, natafuta ya kwake, nachapisha, kisha nabana upya na kuweka zipu mpya mahali pa ile ya zamani. Ni kazi ya saa nzima, nimeifanya miaka yote hii, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sasa bosi wetu, Mzee Onesmo, kaleta fundi wa kompyuta. Hashiru ni mtu wa miaka thelathini hivi, mwenyeji wa Kisarawe, mpole kupita kiasi. Yuko kwenye majaribio, miezi sita, yanaisha mwisho wa Mei. Watu wapole kupita kiasi mimi nawaogopa.

Jumatano, 12 Machi

Mvua tangu alfajiri. Hashiru kafunga, hanywi hata maji, lakini saa zote yuko kwenye kompyuta ya kumbukumbu. Nikiingia anainua kichwa, "Dada Atu," halafu anaendelea.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimeamini kwamba hapa pana namna.

Nilikuwa naifungua zipu moja kama kawaida yangu. Akaja mbio. "Dada, usiifungue hiyo. Nimeipachika."

Nikamuuliza kupachika ndiyo nini.

"Zipu inabaki ilivyo, haiguswi. Kompyuta inakuonyesha yaliyomo kama folda ya kawaida. Unasoma ndani bila kumwaga kitu nje. Ukitaka picha moja, inatoka hiyo moja."

Nikabonyeza, na kweli, folda ikafunguka hapo hapo, picha zote zimejipanga na tarehe zake. Saa nzima ya kazi yangu imekuwa sekunde mbili. Sikufurahi, na sioni aibu kuliandika hilo. Nikajaribu kubadili jina la picha moja, ikakataa. Nikajaribu kufuta nyingine isiyo na maana, ikakataa.

"Ni ya kusoma tu," akasema. "Hakuna anayeweza kufuta wala kubadili. Hata mimi."

Hata mimi! Nani alimuuliza? Mtu anayekuhakikishia kwamba hawezi kuiba kabla hujamshuku, huyo wa kumwangalia mara mbili. Na kwa nini atufungie nje ya nyumba yetu wenyewe? Mwaka 2019 diski ilipojaa na Mzee Onesmo akagoma kununua nyingine, ni mimi niliyepita zipu moja baada ya nyingine nikaondoa kurasa tupu, tukapata nafasi ya kupumua. Kwa mtindo huu wa Hashiru ningefanyaje?

Jumanne, 18 Machi

Kaja bibi mmoja kutoka Mzenga, Bi Mwamini. Kalowa hadi kiunoni. Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba mwanangu," akakaa kwenye benchi akikamua kanga.

Yeye na marehemu mumewe walinunua shamba mwaka 2009, ekari nne, mikorosho na mihogo. Aliyewauzia naye ni marehemu. Sasa mtoto wa muuzaji, Latifu, anadai baba yake hakuuza, aliwaazima walime tu. Hati ya Bi Mwamini imeliwa na mchwa. Baraza la ardhi limempa hadi Mei alete nakala, la sivyo aondoke. Ana miaka sitini na nane. Kanikazia macho akasema, "Nikitoka pale sina pa kwenda. Kaburi la mume wangu liko mle ndani."

Nikamtolea nakala. Akaishika, akaigeuza, akaniangalia.

"Na nyuma yake?"

"Nyuma ipi, bibi?"

"Mbele ni maneno. Nyuma wako majirani. Waliweka vidole, wote wanne. Bila nyuma hii karatasi haina mashahidi."

Nikarudi kwenye folda. Picha ya hati yake ni namba 211. Inayofuata ni 213.

Nimemwambia arudi wiki ijayo, kuna hitilafu kidogo. Kaondoka anatembea polepole kwenye tope, karatasi yake kaiweka kifuani chini ya kanga. 212 imekwenda wapi? Na imekwenda lini, kama si wiki hii ya kupachika?

Jumatano, 19 Machi

Sijamwambia Hashiru kitu. Namtazama tu.

Alhamisi, 20 Machi

Kumbe hakuna haja ya kumwambia, keshajua. Mchana kaja mezani kwangu, sauti ya chini.

"Dada Atu, ile zipu ya kijiji cha Bi Mwamini ilibanwa upya mara ya mwisho Septemba 2019. Nani alikuwa anashughulika nazo wakati ule?"

Ona ujanja huo. Yeye ndiye mwenye funguo zote leo, lakini anataka tuzungumze habari za miaka sita iliyopita. Na mwaka ule aliyeshika kumbukumbu ni nani kama si mimi? Mtu anatafuta wa kumbebesha mzigo.

"Ofisi," nikamjibu.

"Haya, dada." Akaondoka.

Sijazaliwa jana.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Barabara ya kwetu Pangani imekatika, nimevua viatu. Bi Mwamini kaja, nimempa maneno matupu. Kaniambia, "Nakutegemea wewe, wewe mwanamke mwenzangu." Nimeona vibaya siku nzima.

Alhamisi, 3 Aprili

Sikukuu ya Idi imepita. Hashiru kaleta visheti ofisini, wote wamekula. Mimi nimesema jino linaniuma.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilimpigia Bi Mwamini kumjulia hali. Akaniambia, bila kujua anachoniambia:

"Yule kijana wenu wa ofisini leo kaja tena huku."

"Tena?"

"Jumamosi ya pili hii. Akishuka kwenye bodaboda haji kwangu. Anakwenda kwa Mwinyijuma."

Nikamuuliza Mwinyijuma ni nani. Alikuwa mtendaji wa kijiji zamani, kasema. Na tena ni baba mdogo wa Latifu.

Nimekaa kitandani simu mkononi. Sasa kila kitu kimekaa mahali pake. Ukurasa wa mashahidi unapotea, na fundi wetu mpole anakwenda kila Jumamosi, tena kwenye mvua hii, nyumbani kwa baba mdogo wa mtu anayefaidika. Mtu wa Kisarawe na watu wake wa Kisarawe. Mimi wa kuja, wa Mbeya, nilidhaniwa sitajua. Nimekasirika, na maandishi yanaonyesha.

Jumanne, 8 Aprili

Nimempa Mzee Onesmo barua, kurasa mbili. Nimeandika kila kitu: kupachika, namba 212, Jumamosi za Mzenga. Mwishoni nimeandika, "Naamini ukurasa huo umeondolewa kwa makusudi na Bwana Hashiru." Sahihi yangu chini.

Jumatano, 9 Aprili

Hashiru kaambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Hakubisha. Alikusanya vitu vyake, akaacha karatasi imebandikwa pembeni ya kompyuta, hatua kwa hatua jinsi ya kupachika zipu, kwa mwandiko wake wa kuchora. Akanikabidhi funguo.

"Dada, naomba kitu kimoja. Hata ukinichukia, usizifungue. Zipachike tu."

Nilitaka kuibandua ile karatasi. Sijui kwa nini nimeiacha.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakuna lolote. Mvua, umeme, mvua.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika haya nimekunywa chai vikombe vitatu na bado nasikia baridi.

Saa nne asubuhi kaingia mzee mfupi, koti la mvua refu kuliko yeye, mkononi mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani mafundo mengi. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mimi Mwinyijuma. Nani mkubwa hapa?"

Mzee Onesmo alikuwa Dar. Nikasema ni mimi. Nikasema moyoni ndiyo huyu, kaja kunitisha.

Akafungua mafundo moja moja. Ndani ya mfuko kulikuwa na mfuko, ndani yake kitambaa, ndani ya kitambaa diski. Nikaikumbuka pale pale. Mwaka 2016 kila kijiji tulikiachia nakala ya zipu yake kwenye diski. Tuliziacha kwa sherehe na picha, na hakuna kijiji kilichokuwa na kompyuta ya kuzifungulia.

"Huyo kijana wenu," akasema, "kaja kwangu mara tatu kuiomba. Nimemnyima mara tatu. Kitu cha kijiji sikitoi bila barua. Mara ya mwisho akaniambia, basi mzee, ipeleke mwenyewe, usimpe mtu, ukae hapo hapo waisome ukiona. Nikamsikia. Nimekaa nayo miaka tisa kwenye pipa la mahindi. Msiniharibie."

"Lakini Latifu si mtoto wa kaka yako?"

"Ni mtoto wa kaka yangu. Na siku shamba lile linauzwa mtendaji nilikuwa mimi, nilikuwepo. Baraza nimeliambia, Latifu akasema nina ugomvi naye, wakaandika kwamba maneno ya ndugu hayatoshi, wanataka karatasi. Sitaki nikaulizwe mbele ya safari kwamba nilikuwa nayo ndani ya pipa."

Nilichomeka diski. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kufungua, kama nilivyozoea miaka kumi. Kimwage chote, kitafute, kibane tena. Mzee alikuwa ananitazama. Nikaangalia ile karatasi iliyobandikwa, nikafuata hatua zake, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Folda ikatokea. Tarehe za mwaka 2016 zote, haikuguswa hata siku moja. 211. 212. 213.

Nikaifungua 212, na mbele yangu kukawa na ukurasa mweupe.

Namaanisha mweupe. Katikati hakuna neno wala mstari. Kwenye kingo tu, moja juu, moja chini, moja kila upande, kuna madoa manne ya kijivu, hafifu, kama mtu alishika karatasi na mikono michafu.

"Hao," akasema Mzee Mwinyijuma, akaweka kidole kwenye kioo. "Karatasi ndiyo shamba. Jirani wa mashariki anaweka kidole mashariki, wa magharibi magharibi. Katikati hapaguswi, ni pa mwenyewe. Sisi huku ndivyo tunavyoandikiana. Wino wa mhuri hatukuwa nao, tulipaka wa kalamu."

Nikamwomba radhi, nikatoka nje, nikasimama barazani chini ya bati, mvua inapiga. Nilikuwa nimeshayaona madoa hayo. Septemba 2019 niliona mengi sana. Niliyapanga mafaili kwa ukubwa, yale madogo yakaja pamoja, nikayatazama kwa vipicha vidogo, yote meupe yenye uchafu kwenye kingo. Nikasema hawa wanakijiji wanashika karatasi na mikono ya shambani. Nikachagua yote, nikafuta, nikabana upya, nikaweka zipu mpya juu ya ile ya zamani. Jioni Mzee Onesmo alinisifu. Sikuuliza mtu hata mmoja wa Mzenga zile karatasi nyeupe ni za nini.

Niliporudi ndani nikapachika zipu ya ofisi kando ya ile ya kijiji. Ya kijiji ina picha mia nane na sita. Ya kwetu mia nne na kumi na tisa. Tarehe ya kubanwa, 12 Septemba 2019. Jina la aliyebana ni langu. Hashiru aliliona hilo tangu Machi.

Nikamwandikia mzee hati ya kupokea. Akakataa kuondoka na hati, akasema diski anarudi nayo, sisi tuchapishe na tupige mhuri. Nikachapisha. Hakujua kwa nini nalia, akanipa pole kwa msiba.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemweleza Mzee Onesmo. Alisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango.

"Hili likitoka nje tumekwisha. Vijiji thelathini na kimoja, Atupele. Peleka ukurasa barazani, sema hitilafu ya mtambo. Wakitubana kwa maswali, Hashiru yuko nyumbani tayari na barua yako ninayo. Majaribio yake yanaisha, hapotezi kitu."

Nikasema nitafikiri. Hivyo tu ndivyo nilivyosema.

Jumapili, 27 Aprili

Bado nafikiri. Ni rahisi sana, hilo ndilo linaloniogopesha. Barua nilishaiandika mimi mwenyewe, kwa hasira ya kweli. Sina hata haja ya kutunga uongo mpya.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekwenda kwa Hashiru. Anakaa chumba kimoja jirani na reli. Alinikaribisha, akanipa kiti, yeye akakaa kwenye ndoo.

"Ulijua ni mimi?"

"Tarehe na jina niliviona, dada. Sababu sikuijua. Nikasema kwanza nitafute ukurasa, ndipo tuzungumze."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuuliza," akasema. "Ukaniambia ofisi."

Nilimwomba msamaha. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na sikumdai.

Jumanne, 6 Mei. Mzenga

Baraza. Mvua imetulia, ila bodaboda imeniangusha mara mbili, nimeingia na tope hadi magotini.

Mwenyekiti ni mama mmoja, Biubwa, hana masihara. Bi Mwamini kaketi mbele, mikono mapajani. Nilitoa kurasa mbili, mbele na nyuma, na mhuri. Mzee Mwinyijuma kasimama na mfuko wake.

Latifu si mjinga, na hakupayuka. Aliomba nakala ya Machi, ambayo Bi Mwamini alishaipeleka barazani, na nakala ya leo, akaziinua zote mbili.

"Mwezi wa tatu ofisi hii hii ilitoa karatasi isiyo na mashahidi. Leo ina mashahidi. Mwenyekiti, mimi nitajuaje kama huu ukurasa haukutengenezwa wiki iliyopita? Ulikuwa wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Mama Biubwa akanigeukia. "Jibu, mama. Ulikuwa wapi?"

Nikajua kwamba nikisema mtambo, Latifu anashinda. Mtambo uliopoteza ukurasa Machi na kuupata Aprili nani atauamini? Shamba linaondoka, na kaburi ndani yake. Mzee Onesmo alikuwa amekaa mstari wa nyuma. Sikumtazama.

"Niliufuta mimi," nikasema. "Tarehe kumi na mbili Septemba 2019. Nilidhani ni karatasi tupu iliyochafuka. Jina langu limo kwenye zipu ya ofisi. Zipu ya kijiji haijawahi kufunguliwa, mimi mwenyewe nimeisoma bila kuigusa, na tarehe zake ni za 2016 mpaka leo. Leteni fundi yeyote mnayemwamini aangalie zote mbili. Na kijana wa ofisi yetu niliyemwandikia barua kwamba kaiba, hakuiba. Ndiye aliyeutafuta ukurasa huu."

Fundi wa halmashauri alikuwepo, wakamwita, akazitazama dakika ishirini, akasema ni kweli. Mama Biubwa akaandika. Shamba ni la Bi Mwamini.

Nje alinishika mkono. Nilitegemea anishukuru, na nilishajiandaa kusema hapana bibi, usinishukuru. Hakunishukuru.

"Wangu umeonekana," akasema. "Wenzangu ulifuta wangapi?"

"Wengi."

"Wanajua?"

"Hapana, bibi."

"Sasa watajulia wapi? Barazani, kama mimi?" Akaniachia mkono, akaenda zake na jirani zake kuelekea shambani.

Ijumaa, 9 Mei

Mzee Onesmo kanipa barua ya kusimamishwa kazi. Haki yake. Hashiru karudishwa, na kazi ya kwanza aliyoifanya ni kupachika zipu zote thelathini na moja na kunipa orodha ya namba zinazoruka. Kurasa elfu saba na mia mbili na kitu. Kila kijiji kwenye karatasi yake.

Jumanne, 13 Mei. Gwata

Nimeanza na Gwata kwa kuwa ni karibu. Nimekuja kwa nauli yangu, sina ofisi nyuma yangu. Diski ya kijiji ipo, imetunzwa vizuri kwenye kabati. Niliichomeka kwenye kompyuta aliyoniazima Hashiru. Zipu haimo. Iliondolewa kupata nafasi, ndani mna video za harusi tatu na moja ya kipaimara. Waliofuta hawakujua ni nini. Siwezi kuwalaumu, mimi wa kwanza.

Hapa ni hati mia tatu na nne, na kurasa zao za nyuma hazipo tena popote duniani ila kwa wale ambao mchwa hawajafikia hati zao. Na majirani wengi waliotia vidole bado wazima, wanaweza kutia tena, mwaka huu, kabla hajatokea Latifu wa hapa.

Nimemwomba mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano. Akaniuliza mkutano wa nini, watu wako mashambani wanapalilia.

Nikamwambia niliyoyafanya. Akakaa chini, kisha akaniuliza kama na yeye yumo. Nikaitafuta namba ya hati yake kwenye orodha.

Yumo.